Mwaka wa Wembe

Mwezi uliopita nilikuwa Homa Bay kwenye harusi ya mtoto wa jirani yangu wa Migori. Nilikuwa nimeketi chini ya hema na wazee wenzangu, tukingojea chakula kilichochelewa hadi watu wakaanza kumsema bwana harusi. Hatimaye mguu mzima wa mbuzi ukawekwa mbele yetu juu ya ubao, na mama mmoja mpishi akaanza kuhangaika nao kwa kisu butu. Jamani, kisu butu hunipandisha presha! Nikamwambia, "Lete hapa, mama," nikakinoa kidogo kwenye kitako cha kikombe cha chai, nikaanza kukata. Sikuwa nimefika kipande cha tano nikasikia ukelele nyuma yangu: "Yawa! Racham! Si huyu ni Racham wa Kendu Bay!" Racham, kwa Kijaluo, ni mtu anayetumia mkono wa kushoto. Hakuna aliyeniita hivyo kwa zaidi ya miaka hamsini. Nikageuka na kisu mkononi, na mbele yangu alisimama bibi mnene aliyevaa kitenge cha manjano, anacheka huku machozi yanamtoka. Hakuniambia jina lake. Alininyooshea tu kidole gumba cha kushoto, na juu yake palikuwa na kovu jeupe. Nikalijua lile kovu kabla sijaijua sura. "Dorka!" nikapiga kelele. "Wewe bado uko hai?"

Hatukusikia hotuba hata moja ya harusi ile. Tulikaa pale mpaka vijana wakaanza kukunja viti, sisi bado tunagongana mabega na kuvunjika mbavu. Mjukuu wangu Apiyo, mwenye miaka tisa, alikuwa ameketi katikati yetu anatafuna nyama na kusikiliza, na mwishowe akaniuliza mimi nyanya yake, "Dani, kwani nani aliwapea watoto wembe?" Mimi na Dorka tukatazamana. Ni lazima nieleze kwamba shule ya Apiyo ilituma barua mwanzo wa muhula kuwa kila mtoto aje na makasi ya plastiki, yenye ncha za mviringo, yasiyoweza kukata kidole. Nikayanunua. Nikajaribu kukata karatasi, yakaitafuna. Nikajaribu kitambaa, hayakukigusa. Makasi yasiyokata! Kitu cha namna hiyo ni nini basi? Nilimwambia mama yake Apiyo kwamba mimi nikiwa karibu na umri huo nilikuwa na wembe, naye akanitazama kama mtu aliyesikia nimekula udongo. Kwa hiyo naandika. Naandika kwa ajili ya Apiyo, na kwa ajili ya Dorka ambaye hunipigia simu kila jioni sasa kuniuliza nimefika wapi, na kwa sababu tangu siku ile ya harusi sijaweza kutulia.

Kwa nini mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi niliishi Kendu Bay kwa Waya, yaani dada ya baba yangu, badala ya nyumbani kwetu, ni hadithi ndefu isiyo na utamu, nairuka. Nianzie kwenye chumba tulichofundishwa kushona. Kilikuwa nyuma ya kinu cha kusaga unga, na kila kitu ndani yake kilikuwa na vumbi jeupe: meza, cherehani mbili, hata nyusi zetu. Kinu kikinguruma ukuta wote ulitetemeka, na ili usikike ilibidi upaze sauti, kwa hiyo tulizoea kusema kwa kelele, na mpaka leo wanangu huniambia nazungumza kama niko mnadani. Dirisha moja lilitazama ziwa na kutuletea harufu ya omena wanaokaushwa. Katikati ya chumba palikuwa na kitanda cha kamba kisicho na kamba, fremu tupu ya mbao, na juu yake ndipo blanketi la viraka liliponyooshwa na kukazwa kwa nyuzi pande zote nne. Wasomi huliita mfarishi. Sisi tuliliita blanketi la viraka: juu, vitambaa vilivyobaki kwa mafundi, vimekatwa miraba na kuunganishwa, katikati, blanketi kuukuu lililochakaa, chini, marekani nyeupe, halafu unashona kupita matabaka yote matatu mpaka yawe kitu kimoja. Tuliketi kuzunguka fremu ile watoto tisa, wasichana saba na wavulana wawili, kila Jumamosi na siku zote za likizo. Sijawahi kukaa kwenye meza yoyote iliyonifurahisha kama kile kitanda.

Mwenye chumba alikuwa Nyar Takawiri. Hilo si jina alilobatizwa. Kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa mahali alikotoka, naye alikuwa binti wa Takawiri, kisiwani. Alikuwa mrefu, mkavu, na pini hazikumtoka mdomoni, hata tulijifunza kumwelewa akisema kwa upande mmoja wa midomo. Sisi watoto tulimwita Mama. Wazazi walipomuuliza mbona anawapa watoto vitu vikali, jibu lake lilikuwa lile lile. "Kwetu kisiwani mtoto wa miaka mitano anapewa kisu apasue samaki. Si kisu cha kuchezea. Kisu! Na samaki anateleza. Hiki kitambaa hata hakisongi, kimelala tu." Na akiona bado wana shaka huongeza, "Makasi butu ndiyo hukata mtu. Butu unayalazimisha, yakikubali yanakubali na kidole chako." Kwa hiyo makasi yake, yale makubwa meusi ya fundi, aliyanoa kila Ijumaa jioni kwa jiwe na mafuta. Ungeyaweka juu ya unywele ungekatika.

Basi kila kitu kilikuwa na zamu yake. Mtoto akianza alipewa sindano. Akiweza sindano hupewa makasi, akate mraba mmoja kufuata chaki, Mama aukunje pembe kwa pembe kuona kama pande zinalingana. Akiweza makasi hupewa wembe. Wembe wenyewe ulikuwa nusu. Mama alikuwa akiuvunja ule wenye makali mawili kwa urefu, kisha anapachika nusu kwenye kijiti kilichopasuliwa na kukifunga kwa uzi kuanzia juu mpaka chini. Ulitumika kufumua mishono iliyokosewa, na kukata vitambaa kadhaa kwa pamoja juu ya ubao kwa kufuata rula. Yeyote aliyeshika wembe alikuwa mtu mkubwa katika chumba kile, hata awe na miaka minane.

Na alitufundisha kwa namna yake! Katikati ya somo, bila kusema lolote, angeachia makasi yaanguke sakafuni aone nani atajaribu kuyadaka. Ukiyadaka, umerudi kwenye sindano wiki nzima. "Kikali kikianguka, kiache kianguke! Ondoa mkono, ondoa mguu, sakafu haitoki damu!" Baada ya mwezi mmoja kitu chochote kikianguka sote tisa tuliruka nyuma na mikono juu. Siku moja kasisi alikuja kututembelea akaangusha miwani yake, na darasa zima likarukia ukutani. Yule mzee alidhani ameona nyoka, naye akaruka.

Jioni sindano zilihesabiwa. Kila mtoto alikuwa na yake, yenye uzi wa rangi yake, na ikikosekana moja hakuna anayetoka mlangoni. Tulikuwa na sumaku nzito kutoka kwenye spika ya redio mbovu, imefungwa kwenye kamba, tukiiburuta sakafuni huku tumeinama. Mara moja tulitafuta mpaka baridi ya ziwa ikaingia, Mama anasema tu, "Mimi nimeshakula, sina haraka." Sindano ilikuwa ya Dorka. Alipoinuka kwenda kutazama chini ya cherehani, viraka sita vilivyoshonwa vikainuka pamoja naye: alikuwa ameviweka mapajani na kuvishona moja kwa moja kwenye sketi yake ya shule, mshono mzuri, mdogo mdogo, sindano bado inaning'inia. Tulicheka tukashindwa kusimama. Mama akampa wembe ajifumue mwenyewe, na kule kujifumua ndiko kulikomletea kovu alilonionyesha Homa Bay. Alilia? Hata! Aliosha kidole, akafungwa kitambaa, akamaliza kufumua. Siku iliyofuata alikuwa akitembeza kidole kile shuleni kama mtu aliyepanda cheo.

Barazani kwetu wateja walikaa wakisubiri nguo zao, na kwa sababu ya kinu nao walipiga kelele, kwa hiyo tulisikia kila neno tuliloambiwa tusisikie. "Hawa watoto wanashika nyembe kama vinyozi." "Siku moja chifu ataitwa hapa." "Aitwe tu, na yeye suruali yake iko ndani inarekebishwa." Saa sita Mama alisimamisha cherehani, na tukala nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, kwa sahani moja kubwa, tisa kwa mkono wa kulia. Nasema kwa mkono wa kulia kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na shida yangu.

Waya hakunipeleka kwa Nyar Takawiri nijifunze kushona. Alinipeleka nibadilishwe. Nilizaliwa hivi, mkono wangu ni wa kushoto, na Waya hakulikubali jambo hilo hata siku moja. Nyumbani wakati wa kula alinifunga mkono wa kushoto kiunoni kwa kipande cha leso. Kisu cha jikoni sikuruhusiwa kugusa. Wenzangu wote walikuwa wakikata sukuma, mimi natazama. "Ukipokea kitu cha mtu kwa mkono huo utakuwa umemtukana. Ukishika kisu na huo utajikata mshipa," aliniambia. Tena aliyasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniogopesha. Akamwambia Nyar Takawiri, "Huyu mtoto mzito wa mikono. Ashone, ashone tu, vidole vilainike." Mkono wa kushoto hakuutaja, aliuonea aibu. Na mimi nikauonea aibu, nikanyamaza. Kwa sindano nilijitahidi na mkono wa kulia, polepole, mishono imepinda lakini imeshika. Mama akanipandisha kwenye makasi mwezi wa nne.

Ole wangu na makasi yale! Nilikuwa nimeyaota. Nilitaka kusikia ile sauti yanapouma kitambaa, krr, krr, krr, mpaka mwisho wa meza. Kwa mkono wa kulia yalinishinda: yalikwenda kombo, yakaruka chaki, mraba wangu ukatoka na pembe tano. Mama akaukunja, akautazama, akasema, "Rispa, huu ni mraba wa nchi gani?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kisha nikaenda nyuma ya choo nikalia. Mwezi wa tano nikashindwa tena. Siku moja chumba kikiwa kitupu niliyashika kwa mkono wa kushoto, nikiamini sasa ndiyo sasa. Kitambaa kikajikunja katikati ya vyuma na kubaki pale kizima, hakikukatika hata uzi. Nikajaribu tena na tena. Nikaamini sina mkono hata mmoja. Nafikiri ndiyo huzuni kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo mpaka umri ule, na nilikuwa nimeona mazishi.

Wenzangu wakapanda. Dorka akashika wembe mwezi wa sita. Mama akatangaza kwamba mwezi wa kumi na mbili kila mtoto atakata na kushona blanketi lake mwenyewe, kuanzia kiraka cha kwanza, na asiyekata hatashona. Nilipomweleza Waya alisema, "Basi kama huwezi kukata, likizo hiyo utakaa hapa nyumbani unisaidie. Umejaribu, inatosha." Nikaelewa kwamba mwaka wangu unakwisha bila mimi kushika kitu chochote kikali, na kwamba baada ya hapo hakuna mtu atakayenipa tena. Chumbani kwa Mama nilikuwa nimeshageuka mtu wa kuchemsha chai na kuchambua vitambaa kwa rangi. Kila mtu alikuwa mwema kwangu. Hilo lilikuwa baya zaidi.

Siku ilipofika haikuonekana kama siku. Ilikuwa likizo ya mwezi wa nane, saa sita, kinu kimezimwa kwa sababu mkanda ulikatika, wenzangu wako nje wanakula, Mama anabishana na fundi wa kinu. Mimi nilibaki kuchambua vitambaa. Juu ya ubao palikuwa na rula, vipande vinne vya kitambaa cha bluu vimepangwa moja juu ya kingine, chaki imeshachorwa, na wembe kwenye kijiti chake. Sikupanga chochote. Mkono wa kulia ulikandamiza rula, na ule mwingine ukachukua wembe. Ukauchukua kama kitu chake. Nikavuta. Hapakuwa na sauti hata kidogo. Nilidhani sikukata. Nikaondoa rula, na vitambaa vinne vikaachana, vimenyooka kabisa, ukingo wake safi bila uzi mmoja uliochomoza. Mwili wangu wote ulisisimka! Nikavuta mstari wa pili. Wa tatu. Nilikuwa nacheka peke yangu, mate yamenijaa kinywani, nikageuza ubao na kuvuta wa nne, na miraba minne ya bluu ikalala mbele yangu inalingana kama kurasa.

"Nani amekata hivi?"

Mama alikuwa mlangoni. Nyuma yake wenzangu, midomo imejaa nyoyo. Wembe bado ulikuwa mkononi mwangu, mkono ule wa aibu, na hapakuwa na pa kuuficha. Yeye ndiye aliyetufundisha tusifiche kikali mgongoni. Nikasema, "Ni mimi, Mama. Nisamehe." Dorka, Mungu ambariki, akapiga kelele kutoka nyuma, "Mama, huyo ni racham! Shuleni sote tunajua!" Mama akaja polepole. Akaukunja mraba mmoja pembe kwa pembe. Akaukunja wa pili, wa tatu, wa nne. Akatoa pini mdomoni, zote, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, akaziweka mezani. Kisha akachukua yale makasi makubwa kwa mkono wake wa kushoto akajaribu kukata kitambaa. Kikajikunja katikati ya vyuma. Akajaribu tena, kikajikunja. Akayageuza, akayatazama kwa karibu jinsi vyuma vinavyopishana, na ghafla akaanza kucheka, kicheko kikubwa ambacho kingeshinda hata kinu. "Kumbe makasi ndiyo majinga! Yametengenezwa ya mkono mmoja tu! Miezi yote hii namlaumu mtoto! Rispa, nyathina, nisamehe mimi." Nyathina ni mwanangu. Akaninyanyua akanizungusha, mimi mtoto wa miaka kumi, miguu inagonga cherehani, na wenzangu wanapiga vigelegele. Wembe hauna kulia wala kushoto, aliwaeleza. Kitu walichokuwa wakikiogopa wazazi wote wa Kendu Bay ndicho pekee kilichokuwa hakinichagui.

Ah, majuma yaliyofuata! Nilikuwa mkataji wa chumba kizima. Watoto waliniletea vitambaa vyao, hata Mama alinipa bitana ya wateja, tabaka sita, tabaka nane. Hata sasa, nikiwa na magoti mabovu na dawa za presha, nikikumbuka asubuhi zile nataka kuinuka nitafute ubao. Watu husema siku hizi watoto walindwe, na mimi sikatai, nimelea watano. Lakini mtu anayekukabidhi kitu kikali anakuambia kwamba amekuona una akili, na mtoto hulisikia hilo mwili mzima. Apiyo hawezi kulisikia kwa plastiki. Jumamosi mbili sasa amekuwa akikata viraka hapa sebuleni kwangu Migori kwa makasi ya kweli, na mama yake, akinisoma hapa, basi amejua.

Kwa Waya sikusema neno. Nilirudi nyumbani, nikafungwa leso, nikala kwa mkono wa kulia na kutabasamu. Mpaka nilipojikata. Ilikuwa kosa dogo, kidole cha shahada kilipita ukingo wa rula, na wembe ukakipitia. Mama alikiosha kwa maji ya chumvi na kukifunga. Jioni Waya aliona kitambaa wakati ananipakulia. Akakifungua, akakitazama kidole changu chini ya dirisha kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeshatunga uongo wangu: kwamba nilianguka kwenye chupa. Hakuniuliza. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Umekatwa mkono wa kulia. Kwa hiyo wembe ulikuwa kwenye mkono gani?" Samaki wake akapoa sahanini, hakumgusa.

Asubuhi alinishika mkono tukaenda. Alitembea haraka hata nilikuwa nakimbia. Tulimkuta Mama amekaza marekani kwenye fremu, wenzangu wameketi, barazani wateja watatu. Kinu kilikuwa kinanguruma, na Waya akapaza sauti juu yake. "Nyar Takawiri! Nilikuletea mtoto umfunze sindano. Wewe unampa wembe! Na tena kwa mkono huo!"

"Kaa kwanza, dada yangu."

"Sikai! Leo ndiyo mwisho wake hapa. Amekatika kidole, kesho atakatika nini?"

"Amekatika ngozi. Imeshafunga. Njoo uone anavyokata, kisha umchukue."

"Nione nini? Mtoto wa hivyo hawezi kushika kitu kama hiki!" Alikuwa ameshafika kwenye ubao. "Hakina hata mpini wa maana! Tazama, ukibonyeza hivi kinateleza, kinakwenda kwenye mshipa, tazama, hivi..." Akaunyakua wembe, akaigonga rula juu ya kitambaa, akaukandamiza wembe kwa hasira na kuuvuta kuelekea kwake atuonyeshe sote jinsi unavyoteleza.

Haukuteleza. Ulikwenda kutoka mwanzo wa rula hata mwisho, tabaka zote nne, na kitambaa kikaachana pande mbili. Dorka ndiye aliyeona kwanza, akanisukuma kwa kiwiko. Kisha Mama akaona. Kisha mimi. Rula ilikuwa imekandamizwa na mkono wa kulia wa Waya. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa mwisho kutazama chini.

"Dada," Mama akasema, "nani alikufundisha?"

Waya alikuwa akitazama vidole vyake vilivyoshika kijiti kile. Nje mwenye kinu akazima mashine, na kimya kikaingia chumbani hata nikasikia mawimbi. "Mama yangu alinifunga mkono huu kwa kamba ya mbuzi," akasema hatimaye. "Kule Ndhiwa. Palizi nzima, mpaka mavuno. Nililala nayo." Alisema kama anayeeleza habari za mtu mwingine. "Nilidhani uliisha." Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akasogeza rula inchi tatu na kukata tena. Safari hii bila hasira, akifuata chaki, kichwa kimeinama upande. Akakata na wa tatu. Machozi yalikuwa yanamshuka lakini mdomo wake ulikuwa unacheka, nao wanawake wa barazani walikuwa wamejaa mlangoni, wamenyamaza kwa mara ya kwanza mwaka ule.

Akaniita. Nikaenda, naogopa bado. Akaugeuza wembe kijiti kikanielekea mimi, akaninyooshea. Nikatoa mkono wa kulia, kwa heshima, kama alivyonifundisha mwenyewe kupokea kitu kwa mkubwa. Waya akautazama mkono ule, akatikisa kichwa, wala hakuuachia wembe.

"Si huo, nyathina," akasema. "Lete ule wako."